Gari la Kwenda Kliniki Litengenezwe Wapi?

Mume wangu alifariki siku ya Jumatano, saa tatu asubuhi, akipanda ngazi za ofisini kwake. Siku hiyo alikwenda kazini kwa miguu. Gari aliliacha uani, limeelekea getini, kwa sababu kesho yake ilikuwa zamu ya kumpeleka mama yake kliniki.

Mama mkwe wangu ana ugonjwa wa figo. Kila Jumatatu na kila Alhamisi lazima awekwe kwenye mashine ya kusafisha damu, saa nne nzima. Hakuna kuahirisha. Alhamisi ile nyumba ilijaa watu, na viti vilipangwa mpaka nje ya geti. Mama alitoka chumbani ameshika mkoba wake wa kliniki.

"Hata leo unakwenda?" shangazi mmoja alimwuliza.

"Nakwenda," alisema. "Figo hazina habari ya msiba."

Aliyempeleka ni Spana, fundi wa gereji ya jirani. Jina lake la kweli wengi hatulijui. Yeye na mume wangu walikuwa marafiki tangu utoto. Kwa wiki tano alifunga gereji yake siku mbili kwa wiki, akamwendesha mama kwa gari letu, na hakutaka shukrani. Nikimshukuru alinikatiza. "Shemeji, acha hizo. Huyu ni mama yangu pia."

Baada ya hapo nilichukua ufunguo mwenyewe. Leseni nilikuwa nayo, ila nilikuwa sijazoea. Mama alinisindikiza hadi mlangoni mwa gari.

"Endesha, mwanangu. Lakini vitu vyake mle ndani usiviguse."

Sikuvigusa. Miwani yake ilibaki juu ya dashibodi. Koti lake lilibaki nyuma ya kiti. Droo ya dashibodi, ile iliyo mbele ya abiria, hatukuifungua hata siku moja. Hata kiti chake sikukisogeza mbele. Mimi ni mfupi, kwa hiyo niliweka mito miwili mgongoni ili miguu ifike kwenye pedali. Tuliona hiyo ndiyo heshima.

Mwezi wa tano baada ya msiba gari lilianza kutetemeka. Nikitoka kwenye taa za barabarani, lilinguruma kwanza, likasitasita, kisha likaruka kama mtu aliyechomwa sindano. Nilinyamaza. Nilijiambia ni mimi sijui kuendesha. Mama naye alikuwa anasikia, akanyamaza ili asinitie hofu. Tulinyamaziana wiki mbili.

Alhamisi moja, katikati ya makutano, gari lilikataa kabisa. Nilikanyaga mafuta, injini ikalia, magurudumu hayakuzunguka. Magari ya nyuma yalipiga honi.

"Wanasema nini hao?" mama aliuliza.

"Wanasema tuondoke."

"Waambie na sisi tunataka."

Nilizima, nikawasha, nikazima, nikawasha. Mara ya nne likaondoka. Tulifika kliniki tumechelewa saa nzima. Muuguzi alisikitika, lakini mgonjwa mwingine alikuwa anasubiri zamu yake. Mama alipata saa tatu badala ya nne. Jioni miguu yake ilivimba, na usingizini alihema kwa shida. Nilikaa kando yake nikasema moyoni: hili halitatokea tena. Mume nimeshamzika. Mama simziki kwa sababu ya gari.

Asubuhi nilikwenda kwa Spana. Alizunguka na gari mara moja, akarudi anatikisa kichwa.

"Ni giaboksi, shemeji. Niachie Jumanne. Naifungua, naangalia kilichomo, narudisha."

"Utaweza kumaliza kabla ya Alhamisi?"

"Nitajitahidi."

Nilikubali. Ningekataaje? Mtu aliyekushika mkono kwenye msiba humwambii subiri nifikirie.

Jumatatu tulikwenda kliniki polepole, kwa njia za ndani, na tuliwahi. Nikiwa nimekaa nje, alipita mama mmoja mnene mwenye rundo la funguo kiunoni. Ndiye msimamizi wa magari ya kliniki, na wote humwita Mama Funguo. Alisimama kando ya gari letu.

"Mdogo wangu, nilikusikia ukiingia. Hili gari linaumwa."

"Linaumwa, dada. Kesho fundi anafungua giaboksi."

"Gari lina miaka mingapi?"

Nilihesabu kwa mtoto. "Tulilinunua jipya binti yetu alipoanza darasa la kwanza. Sasa yuko la tano."

"Bado halijafika miaka mitano?"

"Bado kidogo."

Akaketi kwenye benchi, funguo zikalia. "Basi mpigie fundi wako sasa hivi. Mwambie asiguse giaboksi mpaka usome kitabu cha dhamana."

"Dhamana ndiyo nini hasa?"

"Ni ahadi ya kiwanda, kwa maandishi. Kinasema, sehemu hii ikiharibika yenyewe ndani ya muda huu, tutaitengeneza bila kukutoza. Lakini ahadi ina masharti. Wakikuta mtu mwingine ameshaifungua, wanaweza kukwambia, mrudie huyohuyo."

"Kwa hiyo kwa wakala aliyetuuzia ndiko kuzuri kuliko gereji?"

"Sikusema hivyo!" Alicheka. "Mimi nina magari sita hapa. Mawili mapya, yana dhamana, na yakiwa na tatizo kubwa nayapeleka kwa wakala. Wana mashine ya kupimia ya kiwanda na spea halisi. Manne ya zamani yanakwenda kwa fundi wa gereji. Namwamini kuliko kaka yangu."

"Kaka yako humwamini?"

"Namwamini sana. Ila si kwa magari."

Nilimwuliza alimjuaje fundi huyo kuwa ni mzuri. Alijibu kwamba hakuanza kwa kumwamini. Alianza na kazi ndogo, kubadilisha oili. Akaangalia kama fundi anaandika bei kabla hajashika spana. Akaangalia kama anampigia simu akikuta tatizo jingine, au anatengeneza tu kisha anadai. Akaomba spea mbovu alizozitoa, azione kwa macho. Akataka risiti inayosema kazi gani imefanyika, spea gani imewekwa, na kazi hiyo ina dhamana ya muda gani.

"Fundi mzuri hakasiriki ukimwuliza," alisema. "Akikasirika, hilo nalo ni jibu. Na wakala mwulize hivyohivyo. Sakafu yake inang'aa, lakini kuuliza ni kulekule."

"Na oili tukibadilisha gereji, dhamana haivunjiki?"

"Inategemea kitabu chenu kinasemaje. Wengi wanakubali, mradi oili iwe ya aina inayotakiwa, kwa wakati wake, na uwe na risiti. Kitabu kiko wapi?"

Niligeuka nikalitazama gari. Nilijua kilipo.

Tulipofika nyumbani nilizima gari uani, lakini sikushuka.

"Mama, kitabu cha gari kimo humu." Nilionyesha droo. "Nahitaji kuifungua."

Alitazama mbele. "Nilikuomba usiguse."

"Uliniomba, na nimetii miezi yote hii. Lakini Alhamisi nilikuona unavyohema. Mama, kati ya vitu vyake, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza. Kila kitu humu alikiweka kwa ajili ya kukufikisha wewe kliniki."

Aliweka mkoba chini. Kisha yeye mwenyewe akavuta kishikio.

Droo ilijaa. Kulikuwa na kitana, pakiti ya pipi za mnanaa, kalamu, na leso iliyokunjwa. Mama aliichukua leso, akainusa, akaiweka mapajani. Chini ya vitu hivyo kulikuwa na kitabu cha dhamana, na ndani yake bahasha ya risiti. Zilikuwa tisa, zote za gereji ya Spana, zote za kubadilisha oili na vichujio. Kwenye kila moja mume wangu aliandika tarehe na kilomita kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," mama alisema taratibu. "Marehemu baba yake ndiye aliyemfundisha hivyo."

Nilisoma kitabu ukurasa kwa ukurasa pale pale garini. Giaboksi: miaka mitano au kilomita laki moja, kinachotangulia. Tulikuwa na kilomita elfu sabini na mbili. Muda uliobaki ulikuwa wiki saba. Huduma za kawaida zingeweza kufanywa kwingine, zikiwa na risiti. Kufungua injini au giaboksi, hapana.

Nilipoinua kichwa mama alikuwa ananitazama.

"Na hiyo mito iondoe," alisema. "Unaendesha kama mtoto aliyeiba gari. Sogeza kiti."

Nilikisogeza. Kililia kidogo, kisha kikatulia.

Kumpigia simu Spana niliona si adabu. Nilikwenda gereji kwa miguu na bahasha mkononi. Nilipomweleza, alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa hiyo umepata mafundi wa makoti meupe."

"Shemeji, si hivyo."

"Wale? Wanaliandikisha gari kama mgonjwa, halafu linafia mapokezi."

"Spana, nitazame. Risiti zako ndizo zinazolinda dhamana hii. Kama usingemwandikia, leo ningekwenda kwa wakala mikono mitupu."

Alizichukua risiti, akazipitia moja moja. "Alikuwa ananisumbua huyu. Niandikie, niandikie. Nilimwambia, unaniandalia kesi?" Alicheka, halafu macho yakamjaa, akageukia ukuta wa matairi. Aliporudi, sauti yake ilikuwa nyingine. "Shemeji, nikwambie kweli. Giaboksi ya aina hii sijawahi kuifungua. Ningejifunzia kwako."

"Asante kwa kuniambia."

"Nenda. Lakini wakikwambia na breki, na hiki na kile, usisaini. Njoo kwanza nipime."

Kwa wakala, karani wa mapokezi alikuwa kijana mpole mwenye tai. Alitazama kompyuta yake.

"Huduma zote mmefanyia nje, mama. Dhamana inaweza kuleta shida."

Nilifungua kitabu kwenye ukurasa wenyewe, nikamgeuzia. Kisha nikapanga risiti tisa juu ya meza. Alisoma, akasoma tena, akamwita msimamizi wa karakana. Msimamizi alizihesabu, akatikisa kichwa kukubali.

"Mzee wenu anatunza kumbukumbu vizuri."

"Alitunza," nilisema. "Sasa natunza mimi."

Walilipima gari kwa mashine yao. Kifaa kinachoongoza oili ndani ya giaboksi kilikuwa kimekufa. Kilikuwa chini ya dhamana, na hatungetozwa. Lakini karani alileta na karatasi nyingine: pedi za breki mbele na nyuma, kichujio cha hewa, kusafisha kiyoyozi.

"Saini hapa, tumalize yote pamoja."

"Niandikie yote na bei zake. Ninasaini giaboksi tu. Mengine msiyaguse mpaka niwapigie."

"Sawa. Liache, njoo baada ya wiki mbili. Spea inaagizwa."

Mkono wangu ulikuwa umeshashika kalamu. Niliiweka chini.

"Wiki mbili ni kliniki nne. Mama yangu hawezi kukosa hata moja. Agizeni spea kwanza, gari likae nyumbani. Ikifika, nitalileta Alhamisi mchana tukitoka kliniki. Jumamosi jioni nalichukua."

"Mama, utaratibu wetu..."

"Utaratibu wenu unazuia kuagiza spea kabla ya kuliweka gari hapa?"

Karani alimtazama msimamizi. Msimamizi alikuna kidevu. "Hauzuii," alisema.

"Basi niandikie hivyo, na tarehe."

Aliandika. Spea ilichukua siku kumi na moja. Katika siku hizo, ili gari letu lisituzimikie tena njiani, Spana alimpeleka mama kliniki kwa gari lake la mizigo, amemwekea godoro dogo kwenye kiti. Mama alilalamika njia nzima kwamba anasafirishwa kama viazi. Alhamisi nililipeleka gari kwa wakala. Jumamosi saa kumi nililichukua. Kabla ya kusaini kulipokea, nilimwomba fundi wao tuzunguke nalo, nikasimama kwenye taa zote za barabarani na kuondoka tena. Liliondoka laini, bila kelele.

Jumanne Spana alivua magurudumu akapima breki mbele yangu. Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha kweli, nyembamba kama ganda. Wakala hakusema uongo. Za nyuma zilikuwa bado zimebaki nusu. Alibadilisha za mbele, kwa bei aliyoiandika kabla, akanikabidhi zile mbovu ndani ya gazeti. Kisha akatoa kitabu chake cha risiti bila kuambiwa.

"Kilomita ngapi?" aliuliza, kalamu mkononi.

Nikamsomea.

Dhamana ya kiwanda imekwisha mwezi uliopita. Huduma za kawaida anafanya Spana. Tatizo likiwa kubwa, naomba makadirio ya maandishi sehemu mbili kabla sijaamua, na Spana amezoea, hanuni tena. Tangu siku ile ya makutano, mama hajapoteza hata dakika moja ya mashine. Jumatatu na Alhamisi tunatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Naendesha mimi.