Kibuyu cha Baba Mkwe

Kinyaa kinanishika hata kusimulia. Rafiki yangu Zipporah, wa Matsangoni, alipika mvinyo wa mabibo akakosa chupa. Akautia katika kibuyu cha marehemu baba mkwe wake, mzee aliyetafuna tumbaku hadi kufa, akakiziba kwa nta, akakifungia stoo.

“Umemmwagia mwenye kibuyu kidogo chini kwanza?” mama mkwe aliuliza.

“Mama, mimi nimeokoka.”

Siku ya kukifungua, kwenye giza la stoo, alisikia mtu akipiga mafunda, kisha akicheua. Akakipapasa kibuyu. Nta nzima, kibuyu chepesi. Akakizibua, akaonja kilichobaki: vuguvugu, kizito, kinavutika kama kamasi. Akatemea kiganjani, akakimbilia nje penye mwanga.

Kiganjani palikuwa na tonge la tumbaku lililotafunwa, alama za meno bado mbichi.