Gauni Jeupe Si Cheti

Fundi aliamka amechoka kama alivyolala.

Jina lake watu walikwisha kulisahau. Mtaani aliitwa Fundi, na hata kaka yake akipiga simu alisema, "Fundi, mama anaendeleaje?" Alishona sare za shule, aproni za wapishi na nguo za kazi. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele. Chumba cha nyuma, ng'ambo ya pazia, alilala mama yake.

Mama alipata kiharusi miezi saba iliyopita. Mkono na mguu wa kulia havikumtii tena. Maneno yalimtoka machache, tena polepole, lakini akili yake ilikuwa timamu. Kila asubuhi Fundi alimwosha, akambadilisha nguo, akamlisha uji, kisha akakimbilia cherehani. Akianza mshono, mama anaita. Akienda kwa mama, mteja anabisha hodi. Wiki ile sindano ilimchoma kidole mara mbili, kwa sababu alikuwa anasinzia huku mguu unakanyaga.

Kaka yake alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Huyu alikuwa bingwa wa kuuguza kwa simu.

"Mpe mama matunda," alisema. "Mfanyishe mazoezi. Na usimwache peke yake."

"Sawa, kaka. Na kushona nishone saa ngapi?"

"Usinikasirikie, dada yangu. Basi tafuta msaidizi, tutachangiana."

Msaidizi hakutafutwa. Alikuja mwenyewe na kitambaa kwenye mfuko. Alikuwa mwanamke mnene kiasi, mcheshi, mwenye sauti ya kubembeleza. Alitaka gauni jeupe, lenye vifungo mbele na mfuko wa kalamu kifuani.

"Ni la kazi," alisema, huku Fundi akimpima mabega. "Nauguza wagonjwa majumbani."

Fundi aliacha kupima. "Umewahi kufanya kazi hospitali?"

"Hospitali kubwa, miaka sita."

Fundi hakuuliza zaidi. Mfa maji hukamata maji. Alilishona gauni lile siku mbili, na siku ya tatu yule mwanamke akaingia nalo kazini, chumba cha nyuma.

Lilimkaa vizuri sana. Majirani walipomwona walianza kumwita Sista, naye hakukataa. Mmoja alimletea mtoto mwenye homa, mwingine akamwonyesha jino. Alikuwa mchapakazi, hilo tuseme kweli. Shuka alizitandika zikanyooka kama ubao. Alimpigia mama soga mpaka mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Fundi alirudi kwenye cherehani yake na kwa mara ya kwanza akamaliza nguo kabla ya siku aliyoahidi.

Wiki ya tatu, ngozi ya mama ilibadilika rangi pale chini, mwisho wa uti wa mgongo. Ilikuwa na joto ukiigusa.

"Damu imeganda hapo," alisema Sista. "Nitapasugua kwa spiriti."

Alipasugua asubuhi na jioni, kwa moyo wake wote. Ngozi ikachubuka, pakawa kidonda. Sista akafungua vidonge vya rangi mbili, akanyunyizia unga wake juu. Fundi alisikia harufu asiyoipenda. Aliuliza, akaambiwa kitakauka. Aliamini. Alikuwa amechoka mno kuwa na shaka.

Siku moja mchana alikuja muuguzi wa kituo cha afya, mteja wake wa siku nyingi. Alileta sketi ya kazi itanuliwe kiunoni.

"Imenibana," alisema. "Au mimi ndiye niliyeibana, sijui."

Fundi alitabasamu, akachukua sketi. Ndipo kikohozi kikasikika nyuma ya pazia, kikohozi kizito chenye maji ndani yake. Muuguzi aliacha kucheka.

"Nani anakula huko ndani?"

"Mama. Sista anamlisha."

"Naomba niingie."

Mama alikuwa amelala chali, na Sista amesimama juu yake na kijiko cha uji. Uji mwingine ulikuwa shavuni, na macho ya mama yalitoa machozi kwa kukohoa.

"Tumwinue kwanza," alisema muuguzi kwa utulivu. Aliweka mito nyuma ya mama mpaka akakaa wima. Alimngoja apumue. "Aliyepata kiharusi hamezi vizuri kama sisi. Akilishwa amelala, chakula huingia njia ya hewa. Hapo ndipo nimonia inapoanza. Alishwe amekaa, kijiko kidogo kidogo, na akimaliza abaki amekaa nusu saa."

Kisha akamwomba mama ruhusa ya kumtazama mgongo. Aliangalia kidonda kwa muda mrefu. Fundi alitazama pia. Kilikuwa kikubwa kuliko alivyojua.

"Mama anageuzwa kila baada ya muda gani?"

Sista alisita. "Huwa namwacha apumzike."

"Dada yangu, ulisomea wapi kazi hii?"

"Nilikaa hospitali miaka sita."

"Kitengo gani?"

Sista alishika kifungo cha gauni lake. "Dobi," alisema. "Nilikuwa nafua na kupiga pasi shuka za wodi."

Mama aliangalia ukutani.

"Hizi shuka umezitandika vizuri kuliko wanafunzi wangu wa kituoni," alisema muuguzi. "Mkunjo wa shuka nao huumiza ngozi, kwa hiyo hapo umemsaidia. Lakini kidonda hiki kimetokana na kulala chali kutwa kucha. Uzito wa mwili unabana ngozi na damu haipiti. Ukipasugua unapaharibu zaidi. Na ule unga wa dawa hautibu kidonda, unakichafua."

"Sikutaka kumuumiza," alisema Sista, na machozi yakamtoka. "Wallahi sikutaka."

"Najua. Ila mgonjwa haugui nia yako, anaugua unachomfanyia."

Mama alipelekwa kituo cha afya alasiri ileile. Kidonda kilisafishwa na kufungwa. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, kingefika mfupani, na sumu ingeingia kwenye damu. Maneno hayo Fundi aliyasikia akiwa amekaa kwenye benchi, mikono mapajani.

"Kosa ni langu," alimwambia muuguzi. "Mimi ndiye niliyelishona lile gauni. Kila siku nawashonea watu nguo nyeupe, na sijawahi kumuuliza mtu cheti. Halafu nikaliona gauni langu mwenyewe nikaliamini. Nilimpima kifua, kiuno na mabega. Elimu sikumpima."

Muuguzi alikaa karibu naye. Naye alionekana amechoka. Alikuwa na wagonjwa wengine wanne wa kutembelea.

"Umechoka, Fundi. Aliyechoka huwa hapimi. Sasa sikiliza. Utaratibu hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo uliza ofisi ya afya ya hapa kwetu. Lakini mambo ya msingi ni haya. Msaidizi wa mgonjwa nyumbani awe amesoma kazi hiyo kwenye chuo kinachotambuliwa. Si darasani tu, awe amefanya kwa mikono yake mbele ya mwalimu, kumgeuza mgonjwa, kumwosha, kumlisha, kumwinua bila kumburuta. Ajue huduma ya kwanza. Ajue kunawa mikono na kuvaa glavu."

"Na sindano?"

"Msaidizi hachomi sindano. Habadilishi dawa wala hatibu kidonda kama hiki. Hizo ni kazi za muuguzi mwenye leseni, na leseni ina tarehe ya mwisho, iangalie. Msaidizi anamkumbusha mgonjwa dawa kama ilivyoandikwa, basi. Akiona jambo jipya analiandika na kutupigia simu."

"Na nitajuaje kwamba cheti si cha kughushi?"

"Piga simu chuoni, wao wanajua wamemfundisha nani. Piga simu kwa familia aliyowahi kuitumikia. Omba barua ya polisi ya tabia njema, maana unamfungulia mtu mlango wa nyumba yako. Omba karatasi ya kupimwa afya, hasa kifua kikuu. Na hata akiwa na vyote hivyo, awe na muuguzi wa kumsimamia, anayepita mara kwa mara."

"Maswali yote hayo si atakasirika?"

"Aliyesoma hakasiriki. Atafurahi umeuliza."

Jioni kaka alipiga simu kutoka njiani. "Mfukuze huyo mwanamke leo leo," alisema.

"Kaka, wewe ulimuuliza nini kabla hatujamwajiri?"

"Sikuuliza," alisema.

"Wala mimi. Kwa hiyo usipige kelele. Nimeshachoka."

Sista hakufukuzwa. Aliacha kumgusa mama, akabaki kwenye kufua na kupika. Majirani walipomwita Sista aliwajibu, "Mimi si sista, mimi ni dobi." Ilimchukua siku kadhaa kulisema bila kuinamisha kichwa.

Kumpata msaidizi hakukuwa rahisi. Wa kwanza alileta cheti chenye mihuri mitatu. Fundi alipiga simu chuoni, naye akaambiwa jina hilo halipo. Yule bwana akakumbuka ana safari ya ghafla, akaondoka bila kumaliza chai. Kwa majuma mawili Fundi alimgeuza mama mwenyewe kila baada ya saa mbili, akifuata saa ya ukutani, na muuguzi akija kufunga kidonda. Kulikuwa na siku alikula akiwa amesimama, na siku hakukumbuka kama alikula.

Wa pili alikuwa mwanamke mfupi aliyetumwa na ofisi ya afya. Kabla hajaulizwa alitoa cheti, barua ya polisi na karatasi ya vipimo, akavipanga kwenye meza ya kukatia nguo. Fundi alipiga simu zote mbele yake. Mwanamke alingoja, akisoma bango la mitindo.

"Sasa nionyeshe unavyomgeuza," alisema Fundi.

Mwanamke alinawa mikono. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mama.

"Mama, naomba kukugeuza upande wa dirishani. Utaniruhusu?"

Mama alimtazama kwa muda. Wiki zote zile, mbali na muuguzi, hakuna aliyewahi kumwomba. Akaitikia kwa kichwa.

Alimgeuza kwa shuka, hakumburuta. Aliweka mto kati ya magoti. Kisha akatoa daftari akaandika saa. Sista alisimama mlangoni akiangalia mikono ile. Mwezi uliofuata alikwenda kujiandikisha kwenye chuo alikosoma msaidizi yule, darasa la jioni.

Kidonda hakikupona haraka. Kilipungua kidogo kidogo, wiki kwa wiki, na kila kipimo kiliandikwa kwenye daftari. Katika mwezi wa tatu wa tiba, muuguzi aliondoa bandeji na hakuweka nyingine.

"Kimefunga," alisema.

Fundi alisema asante. Alikwenda chumba cha mbele, akakaa kwenye kiti chake, akaegemeza kichwa juu ya kitambaa alichokuwa hajakikata. Ilikuwa saa sita mchana.

Mteja mmoja aliingia kuchukua suruali. Alimkuta Fundi amelala fofofo, mdomo wazi, mkono mmoja bado umeshika mkasi.

"Fundi," aliita. "Wee, Fundi."

Pazia lilisogezwa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, msaidizi amesimama pembeni yake. Mama aliinua mkono wake wa kushoto. Alilitafuta neno, akalipata.

"Mwache," alisema. Akavuta pumzi. "Mwanangu... alale."