Sabuni Isiyonukia

Mwasiti binti Majaliwa alikutwa amekufa saa sita mchana ndani ya kibanda chake cha sabuni, Buseresere, mwezi Juni 1984. Alilala chali, kisogo juu ya jiwe la kusagia. Sabuni iliyomwagika sakafuni ilikuwa imeshaganda. Mezani kulikuwa na visanduku sita vya mbao, vyote vimejaa sabuni mpya.

"Ameteleza," alisema Mageni Lutonja, meneja wa duka la ushirika, kabla hajaulizwa. "Alikuwa anamimina sabuni, akaikanyaga. Mtu asiyesikia maonyo!"

Inspekta Nkwabi, aliyeitwa kutoka Chato, alijipangusa vumbi la safari usoni. Alikuwa na dharau ya miaka mingi kwa watu wanaojibu maswali ambayo hawajaulizwa.

"Wewe nani wake?"

"Mimi ndiye mwenye sabuni." Mageni alitoa kipande mfukoni. Kilikuwa kimegongwa muhuri: MAGENI. "Yeye alikuwa mkoroga sufuria tu. Mimi ndiye ninayempa miche ya sabuni ya mgawo, anayeyusha, anatia mafuta ya mchaichai. Nchi nzima haina sabuni, Ndugu Inspekta, lakini hii inatafutwa mpaka Mwadui. Kesho ofisa wa viwanda vidogo anatoka Mwanza kuja kuniona."

"Leo asubuhi ulifika hapa?"

"Sikufika. Nilikuwa dukani."

Mganga wa zahanati aliinuka kutoka kwenye maiti akitikisa kichwa. "Amekufa tangu asubuhi. Jeraha ni moja, kisogoni. Jiwe lingeweza. Kitu kingine pia kingeweza. Siwezi kuapa."

Mageni alitabasamu. Nkwabi aliliona lile tabasamu, akalihifadhi.

Koplo Bhoke, askari wa kike aliyefuatana naye, alikuwa ameinamia visanduku. Alinusa kimoja, akanusa cha pili.

"Afande, hii sabuni haina harufu."

Nkwabi alichukua kipande cha zamani kutoka kwenye rafu. Mchaichai ulimjaa puani. Akakata kipande kutoka sandukuni: ndani kilikuwa na matundumatundu kama chapati, juu kinatoa jasho la mafuta. Hakikunukia kitu. Na pembeni, chupa ya mafuta ya mchaichai ilikuwa tupu.

Alimtoa Mageni nje, akamwita Limi, jirani aliyeiona maiti kwanza. Macho ya mama yule yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pole, mama. Nieleze mwenzako alivyopika."

"Anakatakata miche, anaiweka kwenye sufuria ndogo, na hiyo anaikalisha ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Haichemki hata siku moja. Ikiyeyuka anaipua, anaiacha. Anaweka kiganja ubavuni mwa sufuria, anasoma Kul-huwallahu. Kiganja kikivumilia mpaka mwisho wa sura, ndipo anatia mafuta. Matone ishirini, kwa unyoya wa kuku."

"Akiyatia ikiwa moto sana?"

"Harufu yote inaruka. Alisema hapo unawanukishia ndege." Limi alivitazama visanduku, akakunja uso. "Hii si kazi ya mayu, mama yetu Mwasiti. Na muhuri uko wapi? Ule mti mzito wenye herufi za chuma. Unakaa hapa mezani siku zote."

Muhuri haukuwepo.

"Nani mwingine anajua kupika hivyo?"

"Mimi peke yangu."

"Na Ndugu Mageni?"

Limi aliguna. "Huyo? Miaka sita anasimama pale mlangoni na leso puani."

Nkwabi alimnong'oneza Bhoke neno moja, kisha akamfuata Mageni nje.

"Ndugu Mageni, mtaalamu kama wewe sikutani naye kila siku. Njoo kituoni utuoneshe. Mama Limi ana mafuta kidogo aliyopewa na marehemu."

Mtu mwingine angeshtuka. Mageni alikunja mikono ya shati.

"Kazi yenyewe si kazi," alisema, sufuria ikiwa juu ya moto mkali nyuma ya kituo kidogo cha polisi. "Unayeyusha, unamimina. Wanawake ndio wanaoifanya ionekane uganga."

Sabuni ilichemka, ikaumuka. Aliipua na papo hapo akaigeuzia chupa nzima. Mvuke ulipanda na mchaichai ukatapakaa kila mahali; askari wa zamu alipiga chafya tatu.

"Mnasikia harufu hiyo?" Mageni alisema kwa fahari.

"Tunaisikia," alisema Nkwabi. "Inaondoka."

Walingoja igande, wakaingia nayo ndani. Nkwabi alikata kipande, akakiweka mezani kando ya kile cha kibandani. Matundu yaleyale. Jasho lilelile la mafuta. Harufu, hakuna.

"Mwasiti amepika miaka sita bila kuharibu sufuria moja. Leo kaharibu, na kosa lake ni lako hasa?"

"Sabuni mbovu mbili si ushahidi!"

"Kweli. Ndiyo maana nilikuacha ujisifu mpaka koplo amalize kazi yake."

Bhoke aliingia na muhuri, umefungwa gazetini. "Nyuma ya magunia ya chumvi, afande. Dukani kwake. Umefutwa, lakini ndani ya herufi kuna damu na nywele."

Mageni aliketi bila kukaribishwa.

"Kabla hujasema, fahamu kuwa hulazimishwi, na utakalosema litaandikwa."

"Andika!" Sauti yake ilipanda ghafla. "Miaka sita nilimwambia muhuri ule unasema MWASITI. Alifurahi kama mtoto. Angejuaje? Kisha akajiunga na masomo ya watu wazima. Leo asubuhi namkuta ameshika kipande cha sabuni, anafuata herufi kwa kidole. Ma. Ge. Ni."

"Akakutukana?"

"Afadhali angenitukana. Alicheka! Akasema kesho hapiki, atamwomba ofisa anipe mimi sufuria nipike mbele ya watu. Akanigeuzia mgongo, anacheka. Mimi! Mwanamke ambaye juzi alikuwa anatia dole gumba kwenye karatasi zangu!"

"Ukampiga na muhuri."

"Mara moja tu. Nikamlaza penye jiwe. Nikaona nikipika sabuni, nyingine nikaimwaga sakafuni, itaonekana aliteleza kazini." Alikitazama kipande mezani. "Kupika sabuni ni kitu gani?"

Nkwabi alikuwa amewahi kukamata watu walioua kwa ajili ya dhahabu na walioua kwa ajili ya ng'ombe. Kwa hao alikuwa na hasira. Kwa huyu hakuipata hata hasira.

"Soma maelezo yako, utie sahihi. Koplo, mfunge pingu."

Nje, Limi alikuwa akingoja na wanawake wanne waliojitanda kanga.

"Mmemaliza na marehemu, baba? Tunataka kumwosha, jua lisituchwee."

"Tumemaliza, mama. Mchukueni mwenzenu mkamstiri."

Mageni alitolewa akipitishwa katikati yao kwenda kwenye Land Rover. Alinyoosha kichwa, akingoja kuzomewa. Hakuna aliyemzomea. Wanawake walimpisha kama wanavyompisha mbuzi njiani, wakaendelea kupangana nani achote maji na nani ashone sanda.