Nimekubali Sare

Jumamosi ile ya Juni manyunyu yaliwakimbiza watu wa soko la Tukuyu kwenye vibaraza vya maduka. Wauza maparachichi walifunika mafungu yao kwa viroba, na spika ya muuza sumu ya panya ikaendelea kujisemea peke yake katikati ya njia. Ummy aliingia duka la kwanza alilolikuta wazi. Alivaa koti la mvua la njano lililomzidi mikono, na mtandio wa zambarau uliolowa ukingoni. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya upande wa Igogwe, mzaliwa wa Dar es Salaam, na baridi ya Rungwe alikuwa bado hajaizoea.

Lilikuwa duka la vitenge. Mwenye duka, kijana mrefu mwenye kofia ya mkono na sweta la kijivu, alikuwa ameegemeza simu kwenye jora moja la kitambaa na kuikodolea macho.

"Karibu dada," alisema bila kuinua kichwa. "Chagua tu, mimi nipo."

"Hupo," Ummy akamjibu.

Kwenye simu ukasikika mlio wa mpira kugonga ubao, kisha makofi ya watu wastaarabu. Ummy akasimama palepale. Mlio huo aliujua tangu shule, alipofundishwa kriketi pamoja na wasichana wenzake.

"Hiyo si fainali ya Testi, kriketi ya siku tano? Afrika Kusini bado ngapi?"

Sasa kijana aliinua kichwa. Alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la nyumbani akiwa ugenini.

"Mikimbio sita," alisema. "Unaijua?"

"Sogea nione."

Kijana aliondoa majora juu ya kigoda, akakipangusa kwa mkono wa sweta lake, akampa. Yeye akabaki amesimama. Wakatazama mpaka Afrika Kusini wakamaliza kazi na kuwa mabingwa wa dunia mbele ya Australia. Ummy alipiga makofi mpaka mama mmoja akachungulia kutoka kibarazani.

"Kashinda nani? Simba?"

"Afrika Kusini, mama," alisema kijana.

"Aa," alisema yule mama, akarudi kutazama mvua.

Kijana aliitwa Rayyan. Wazazi wake walitoka Tanga zamani wakaja kuuza nguo huku milimani. Baba yake, aliyeipenda kriketi kupitia redio, alifariki akamwachia duka na mapenzi hayo. Mama yake alikuwa amerudi Tanga, kwa sababu ya magoti na baridi.

"Basi Afrika Kusini ndio wa kwanza duniani," Ummy alisema akifunga koti.

"Mabingwa, ndiyo. Wa kwanza, hapana. Orodha ya ubora duniani bado inamweka Australia juu."

"Kapigwa sasa hivi mbele ya macho yako!"

"Kapigwa mechi moja. Orodha inahesabu miaka."

"Njoo useme hivyo Jumamosi ijayo, nikiwa nimeshiba."

"Mimi niko hapahapa, dada. Wewe ndiye utakayekuja."

Akaja. Jumamosi ile, na zilizofuata. Rayyan alikuwa ametenga rafu moja wakapanga timu za Testi kwa majora ya vitenge: jora la kijani lilikuwa Australia, la njano Afrika Kusini, jeupe lenye maua Uingereza, la buluu India, na jeusi New Zealand. Ummy akiingia, jambo la kwanza lilikuwa kulipandisha la njano juu kabisa. Rayyan akipata nafasi, alilishusha. Siku moja mama kutoka Kawetele alitaka jora jeusi, na Rayyan akamwomba achague jingine.

"Kwani hilo si la kuuza?" mama aliuliza.

"Ni la kuuza, mama, ila liko nafasi ya tano."

Yule mama alimtazama, akamtazama Ummy, akacheka taratibu. "Ndaga, asante mwanangu. Nipe hilo jekundu. Nyie endeleeni na yenu."

Wakati huo India walikuwa Uingereza kwa mechi tano, na ubishi wa nani atashinda ulihamia kwenye simu. Rayyan alipiga akifunga duka, Ummy akipokea njiani kurudi nyumbani, huku ukungu ukishuka kwenye migomba.

"Uingereza wako kwao," Rayyan alisema. "Hawafungiki."

"Utasema hivyo mpaka lini, laazizi?"

"Mpaka uniite hivyo tena."

"Nimekosea. Nilitaka kusema mbishi."

Hakukosea, na Rayyan alijua. Wiki hiyo alimpelekea soksi nzito za sufu na chupa ya chai ya tangawizi, akaviacha kwa mlinzi wa kituo na kuondoka bila kumsumbua kazini. Ummy alizivaa soksi hizo akiwa peke yake chumbani, akakaa akizitazama muda mrefu. Hakuna aliyekuwa ameuliza kama miguu yake ina baridi tangu afike Rungwe.

Jumamosi ya mwisho wa Julai mama yake Rayyan alipiga simu kutoka Tanga. Rayyan alikuwa anampimia mteja kitambaa, akaiweka kwenye spika.

"Mwanangu, shangazi yako na Zakia wameshachagua sare ya shughuli. Kijani na dhahabu, nzuri kweli. Twakungoja wewe tu. Waikubali sare au huikubali?"

Rayyan aliidaka simu, akazima spika. "Mama, nitakwambia. Nina mteja."

Zakia alikuwa binamu yake. Familia ilikuwa imekaa na kuona wanafaana, na ilikuwa ikimngoja Rayyan aseme neno; Ummy aliwahi kudokezwa habari hiyo. Ummy alikunja kitambaa alichokuwa nacho mkononi, akakikunjua, akakikunja tena.

"Shughuli gani, Rayyan?"

"Mambo ya kina mama tu. Usiyaweke moyoni."

"Umewaambia hapana?"

"Nitawaambia. Mama ana presha, Ummy. Nangoja apate nafuu."

Mteja alipoondoka, Rayyan aliona afadhali warudi kwenye mpira. Huko Manchester India walikuwa nyuma sana, na watu wao wawili walikuwa wametolewa kabla hawajapata hata mkimbio mmoja.

"Kesho Uingereza wanashinda," alisema. "Hakuna hata haja ya kungoja."

"Itakuwa sare," alisema Ummy, macho yakiwa mlangoni.

"Sare! Siikubali kabisa."

Jumapili Ummy alikuwa zamu. Wagonjwa walikuwa wengi na hakugusa simu mchana kutwa, kwa hiyo hakujua kwamba wapigaji wa India walisimama wakang'ang'ania, wasitolewe, mpaka Waingereza wenyewe wakachoka na kutaka kupeana mikono, mechi iishe sare. Jioni alipotoka alikuta ujumbe wa Rayyan.

"Nimekubali sare. Sina nguvu ya kubishana tena. Nisamehe mpenzi."

Alisoma akiwa amesimama kwenye majani yenye umande. Akakiona kitambaa cha kijani na dhahabu kama vile amewekewa mabegani. Akajibu neno moja: "Hongera."

Kule dukani Rayyan alicheka. Akaona mwenzake anamtania kwa kushindwa ubishi. Akaandika, "Asante sana, nilijua utafurahi," akaweka na uso wa kicheko.

Ummy alizima simu.

Asubuhi alimpigia Atupele, mtaalamu mwenzake wa maabara aliyekuwa Dar es Salaam. Atupele alikuwa binti wa Kyimo, hukohuko Rungwe. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, na kwa miezi mingi alikuwa akimwomba Ummy wabadilishane vituo ili arudi kumuuguza. Ummy alikuwa akisitasita, na sababu ya kusita kwake ilikuwa ikiuza vitenge mjini.

"Atupele, nimekubali. Tubadilishane."

Upande wa pili kikasikika kilio. "Mungu akubariki, dada. Mama nitamwambia leo hii. Hujui ulichonifanyia."

Ummy akaona aibu kidogo kubarikiwa kwa jambo alilolifanya kwa hasira.

Rayyan alipiga, hakupokelewa. Aliandika, hakujibiwa. Alidhani ni kazi nyingi, kisha akadhani ni mafua, kisha akaacha kudhani. Mechi ya mwisho, ya London, aliitazama peke yake, na jora la njano aliliacha juu kabisa, lakini hakuna aliyekuja kuliona.

Jumatatu mchana mechi ilikuwa imebaki kipande kidogo. Muuguzi mmoja wa kituo cha kina Ummy, Jenifer, aliingia kutafuta khanga.

"Nataka ya kumuaga mtu," alisema. "Ummy wetu wa maabara anahamia Dar. Wewe si rafiki yake? Hujaambiwa?"

Kwenye simu watu walikuwa wameinuka. Uingereza walihitaji mikimbio michache, na mtu wao wa mwisho alikuwa akiingia uwanjani na mkono mmoja umefungwa kifuani kwa maumivu, gongo la kupigia mpira akilishika kwa mkono mwingine. Rayyan alikuwa amengoja siku hiyo tangu Juni. Alizima simu, akaitia mfukoni.

"Dada Jenifer, chagua yoyote. Ukitoka niegeshee mlango."

Bodaboda ilimfikisha Igogwe akiwa ametapakaa matone ya ukungu kwenye kope. Ummy alitoka maabara na koti jeupe, soksi za sufu zikionekana juu ya viatu. Alipomwona alisimama chini ya ukingo wa bati, mbali kidogo na benchi la wagonjwa.

"Nani kashinda?" aliuliza, kwa sababu hakupata neno jingine.

"Sijui. Nimeondoka haijaisha."

Ummy alimtazama. Alimjua. Mtu huyu hakuwahi kuacha mechi hata mteja akipiga kaunta.

"Kwa nini unahama bila kuniambia?"

"Ulitaka nikushonee na hiyo sare? Umeniandikia mwenyewe. Umeikubali."

"Sare ya Manchester! India waligoma kutoka, mechi ikaisha hakuna mshindi. Ulisema itakuwa sare, mimi nikakataa, kisha nikakubali. Ummy, wewe ulidhani..."

"Nilidhani kijani na dhahabu."

Rayyan alitaka kucheka, kicheko kikakatika njiani. Na Ummy pia midomo ilimcheza, kisha ikatulia.

"Sawa, nilisoma vibaya," alisema polepole. "Lakini nilisoma vibaya kwa sababu hukuwahi kumwambia mama yako hapana. Wala hukumwambia ndiyo. Zakia naye yuko Tanga anangoja, hajui kama anaolewa. Huo si upole, Rayyan. Unatuweka wote tusimame kwenye mvua ili wewe usilowe."

Rayyan akatoa simu, akapiga, akaiweka kwenye spika mwenyewe.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Leo umenikumbuka."

"Mama, simuoi Zakia. Zakia hana kosa, mwambieni asiningoje. Nampenda mwingine, na huyo ndiye ninayetaka kumuoa. Anaitwa Ummy. Nilipaswa kukwambia zamani, nikaogopa presha yako."

Wagonjwa kwenye benchi wakaacha kuzungumza.

"Presha yangu naijua mimi na dawa zangu," mama alisema hatimaye. "Kilichoniuma ni kumdanganya shangazi yako kila Ijumaa kwamba wewe bado wafikiri. Huyo Ummy yuko karibu? Mpe simu."

"Shikamoo mama," alisema Ummy.

"Marahaba. Mwanangu, yuko mzima huyo? Ala chakula? Kila nikimuuliza asema kashiba."

"Anakula, mama. Ila chai anakunywa baridi, anaisahau."

"Kama marehemu baba yake." Sauti ikalainika. "Twaja kukuona huko, Mungu akinijalia magoti."

"Mama, mimi nahamia Dar. Kuna mwenzangu mama yake anaumwa, nimemwahidi kumwachia nafasi. Siwezi kurudisha neno."

Rayyan alifumba macho. Alikuwa ametumaini, kwa muda mfupi tu, kwamba safari hiyo imeisha pamoja na kosa la ujumbe.

"Nenda, mwanangu," mama alisema. "Usimvunje moyo mwenye mgonjwa. Na Dar ni jirani na Tanga kuliko huko kwenye barafu. Nitakuja kwa mguu wangu, nionane na wazazi wako."

Simu ilipokatika Ummy aliifuta matone kwa ncha ya mtandio, akamrudishia.

"Umemwambia mama yako," alisema. "Na shangazi yako atajua jioni, na benchi lote hili limesikia. Mimi hujaniuliza."

Rayyan alivua kofia yake iliyolowa, hakujua aiweke wapi, akaishika kwa mikono miwili.

"Ummy, utanikubali? Hata kama itabidi nikupende kwa simu mpaka nipate njia ya kuja kufungua duka huko?"

"Ndiyo," alisema Ummy. "Nitakukubali." Kisha akajipangusa macho kwa mkono wa koti. "Nina sampuli za watu zinaningoja ndani. Siwezi kuziacha."

"Nenda. Nakungoja."

Aliingia maabara na mlango ukafungwa. Kwenye benchi, bibi mmoja aliyekuwa akingoja majibu yake tangu asubuhi alivuta kikapu chake, akajisogeza kwa jirani yake, akapapasa mbao pale palipobaki nafasi.

"Kaa hapa, baba," alimwambia Rayyan. "Huko nje utalowa."