Dobi na Kompyuta ya Polisi

Dobi wa hospitali alikuwa akipiga pasi mashuka ya wodi ya wazazi askari wawili walipoingia. Mmoja alitazama picha kwenye simu, kisha akamtazama yeye usoni. Wakamwambia anahitajika kituoni. Wenzake waliacha kazi, wakabaki kumkodolea macho.

Kituoni aliambiwa kuwa Jumanne saa nne asubuhi mwanamke mmoja aliiba mkoba wa mteja katika duka la vitambaa. Kamera ya dukani ilimnasa. Picha ikatiwa kwenye kompyuta inayolinganisha sura, nayo, kati ya picha za vitambulisho, ikatoa sura ya dobi.

"Kompyuta haina chuki na mtu, mama," askari alisema. "Bora ukiri tu."

Dobi alikana. Miaka kumi na tisa kazini, hajawahi kuondoka hata na kipande cha sabuni.

Mumewe, seremala, alipopata habari alimkimbilia jirani yao, mwanasheria wa ofisi ya msaada wa kisheria. Wakaongozana hadi kituoni. Jirani hakugomba. Aliomba kuonana na mkuu wa kituo, mama wa maneno machache, akamweleza kuwa mashine ile hukisia tu. Hutaja sura zinazofanana, na picha ikiwa na giza hukosea zaidi.

"Afande, hiyo ni fununu, siyo ushahidi," alisema. "Kuhakikisha ni kazi yenu. Kuna aliyemuuliza alikuwa wapi?"

Hakuna aliyemuuliza. Mkuu akapiga simu hospitalini. Msimamizi akajibu kuwa Jumanne hiyo dobi alikuwa naye tangu saa moja asubuhi hadi mchana. Mkuu akaikuza picha. Mkono wa mwizi ulikuwa laini. Wa dobi una kovu pana la pasi.

Mkuu akamwomba radhi, akaagiza jina lake lifutwe kwenye jalada.

"Mlinichukua mbele ya wenzangu," dobi alisema taratibu. "Nirudisheni mbele yao."

Mkuu alimrudisha mwenyewe, akaeleza kosa la kituo mbele ya wote.

Tangu hapo, kituoni pale hakamatwi mtu kwa neno la kompyuta peke yake. Askari wawili huikagua picha, na mhusika husikilizwa kwanza. Kwa kuikagua upya hivyo picha ya dukani, mwizi halisi alipatikana.

Siku hizi mtu yeyote mtaani akiitwa polisi, hupitia kwanza kwa dobi. Naye humwambia, "Usiogope mashine. Sema ulikuwa wapi, na omba binadamu aitazame hiyo picha."