Maji ya Kidimbwi cha Chini

Madumu yalilala nje usiku kucha, na asubuhi maji yalikuwa bado ya moto.

Epiphanie aligundua alipofungua kifuniko cha kwanza. Mvuke ulimpanda usoni, na ndani ya mvuke ule mlikuwa na harufu ya yai bovu. Alirudi nyuma. Huku Gisenyi baridi hushuka kutoka kwenye volkano na kukaa uani mpaka jua lichomoze. Chai ukiisahau kidogo tu unaikuta imekufa. Maji haya yalikuwa yamechotwa jana mchana.

"Papa Nishimwe," aliita. "Kuja uone. Hii maji haikupoa."

Mumewe, Ndayisaba, alitoka na mswaki mdomoni, akatumbukiza kidole, akakitoa haraka. Akacheka.

"Bon, ni vizuri! Maji inaponya watu mugongo, itashindwa na kutu ya voiture?"

Bomba la mtaani lilikuwa kavu, na gari halipigwi msasa bila maji. Kwa hiyo Ndayisaba alikuwa ameazima pikapu ya jirani yao Gatete, akaenda mpaka amashyuza, zile chemchemi za moto kando ya ziwa ambako watu huoga kutafuta afya. Kwenye jicho la juu, pale maji yanapochemka hata kuivisha viazi, dumu lake la plastiki lililegea mikononi kama unga uliokandwa. Akaona njia rahisi. Akateremka hadi kidimbwi cha chini, ambako maji yamekwisha kupita kwenye miili ya waogaji na kupungua moto, akajaza madumu yake yote, akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404 ya marehemu baba yake. Mzee alirudi nayo kutoka Kongo, watoto wamebanana ndani, magodoro juu ya paa. Sasa lilisimama kwenye njia ya mawe ya lava kati ya lango na veranda, vioo vyake vimefunikwa magazeti na gundi ya karatasi, na Ndayisaba, ambaye siku za kazi huvaa tai katika ofisi ya wilaya, alikuwa amechukua likizo ili alipake buluu kwa mkono wake mwenyewe.

Akachovya msasa. Akaanza.

Kwaru, kwaru, kwaru. Nyeupe ikatoka, chini yake kijani. Binti yao Nishimwe, aliyekuwa na miaka sita, alikaa kwenye ngazi akishangilia kila rangi ilipojitokeza.

"Papa, iko ingine chini?"

"Iko ingine chini."

Chini ya kijani mlikuwa na manjano. Chini ya manjano mlikuwa na nyekundu ambayo hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kuiona. Ndayisaba hakuja kula. Hakuja kunywa. Epiphanie alikuwa verandani akimenya viazi vya Bugeshi, na sikio lake lilikwisha kuizoea sauti ile ya msasa, kavu, yenye mapigo sawa, mpaka ghafla kisu kikasimama mkononi mwake. Sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imelowa. Ilikuwa laini.

"Papa Nishimwe?"

"Iko ingine chini," alijibu mumewe, bila kugeuka.

Alizunguka gari. Boneti lilikuwa bati tupu, linang'aa. Juu ya bati lile Ndayisaba alikuwa amelaza mkono wake wa kushoto, kiganja juu, na kwa mkono wa kulia alikuwa akiusugua kwa msasa kutoka kiwiko hadi kifundo, polepole, kwa uangalifu uleule aliokuwa akisugulia mlango, na ngozi ilikuwa imekwisha kuondoka, na damu ilikuwa ikichuruzika kwenye taa za mbele, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa fundi anayejua kuwa kazi inakwenda vizuri.

Epiphanie alipiga kelele. Ndayisaba akainua macho. Hayakumtazama yeye. Yalimtazama mtoto.

"Ile ni mupya," alisema, kwa sauti nyembamba ya mwanamke mzee. "Ile haina rangi mingi. Tutafika haraka."

Akaruka.

Alimkamata Nishimwe begani kabla mtoto hajasimama, akamlaza kifudifudi kwenye ngazi, na msasa ukapita mara moja juu ya bega lile dogo. Mtoto alilia kilio ambacho Epiphanie hakuwahi kukisikia kwa kiumbe yeyote. Mama hakufikiri. Palikuwa na spana ndefu ya kufungulia magurudumu. Akaiokota na kumpiga mumewe mgongoni. Akampiga tena. Akampiga baba wa mtoto wake kwenye mbavu, kwenye nyonga, akilia na kuomba msamaha na kupiga, na mtu yule hakuonyesha hata dalili ya kuumia, ila alishangaa kidogo, kama anayesumbuliwa na nzi.

"Kimbia ndani! Funga!" Epiphanie alimwambia binti yake, na Nishimwe akajichomoa, akaingia, kufuli ikalia.

Gatete aliruka ukuta. Alikuwa mtu mpana, aliyekulia Tanzania, mcheshi kupita kiasi.

"Shemeji, mnagombania gari la makumbusho?" alianza, kisha akauona mkono. "Mungu wangu. Ndayisaba, ndugu yangu, kaa chini."

Ndayisaba alimshika Gatete shingoni kwa ule mkono uliochunika, akamwinua, akamtupa. Gatete aligonga ukuta wa lava, na mfupa wa bega ukalia kama kuni kavu. Hata hivyo alitambaa, akaikamata miguu ya rafiki yake kwa mkono mmoja mzima; Epiphanie akamrukia mgongoni kwa kamba ya kuvutia gari; wakaanguka wote watatu juu ya mawe, wakaumana, wakabingirika kwenye matope ya rangi na damu, mpaka fundo likakaza kwenye bampa la nyuma.

"Huyu si wa hospitali kwanza," Gatete alinong'ona, meno yakigongana. "Umesikia sauti ile? Muite Bushira."

Bushira alikuwa mwanamke wa Kiislamu, mshonaji wa mjini, ambaye mama yake na bibi yake waliwaogesha wenye majini kule amashyuza, kazi anayoifanya yeye pia. Alikuja na pikipiki, ubani ndani ya mfuko wa nailoni. Hakumtazama Ndayisaba. Alinusa madumu.

"Hii maji alitoa wapi?"

"Kwa amashyuza, Mama."

"Iko ya juu ao ya chini?"

Epiphanie alimkumbuka mumewe akisimulia kuhusu dumu lililolegea, akicheka. "Ya chini," alisema.

"Ee Mola wangu." Bushira aliketi kwenye jiwe. "Sisi tunapoogesha mutu, tunamusugua na jiwe mupaka ile kitu imutoke. Inashuka na maji. Inalala mule chini, inangoja kuingia ziwani. Ndiyo maana yule mutu anapanda bila kugeuka, na mule chini hakuna anachota. Ninyi mulibeba ile yenye hasira mupaka kwa mulango ya nyumba."

Kutoka kwenye bampa, ile sauti nyembamba ikacheka. "Walinisugua," ilisema. "Walinisugua mupaka sina ngozi. Munipe ngozi. Munipe ya mutoto."

"Utapata," Bushira alijibu. "Utapata ngozi ya bati. Kubwa kupita ya mutu. Mama Nishimwe, unaweza kupiga rangi?"

"Mi? Sijawahi."

"Leo utaweza. Mi nitakuwa nasoma dua. Nikinyamaza, tumekufa."

Kompresa ya kupulizia rangi, aliyoikodi Ndayisaba, ikanguruma. Ubani ukafuka. Bushira aliweka kiganja kwenye mlango wa dereva na kuanza kusoma, na Epiphanie, akishika bastola ya rangi kwa mikono miwili, alifyatua. Buluu ikatoka kama pumzi. Kila palipofunikwa, Ndayisaba alipiga yowe, na kila alipopiga yowe gari lilitikisika. Honi ikalia bila betri, boneti likajifungua na kujibamiza, mlango wa dereva ukatoka nje kwa nguvu na kurudi, ukavibana vidole vya Bushira katikati ya chuma na chuma, na Epiphanie akaona vidole vile vikikunjika upande usiokunjika, akaona jasho likimwagika usoni mwa yule mwanamke, lakini kisomo hakikukatika, kilipanda tu, kikawa karibu wimbo, na yeye akaendelea kupiga rangi, paani, ubavuni, kwenye matao ya magurudumu, mpaka bati la mwisho likapotea na yowe likakatika kama uzi.

Kimya. Mlango ukafunguka wenyewe. Bushira akautoa mkono wake, akaufunga kwa kitambaa bila kuutazama.

"Epi," alisema Ndayisaba, kwa sauti yake. "Nani alinifunga? Niko na kiu."

Walimfungua. Alilia alipouona mkono wake. Alilia zaidi alipomwona Nishimwe dirishani, bega limefungwa taulo, akimwogopa.

"Iko ndani ya gari sasa," Bushira alisema. "Rangi ikikauka na kuwa ngumu, haiwezi kutoka. Lakini mupaka ikauke, isikwaruzwe. Ikipata tundu, itarudia ile ngozi ilionja. Ya mutoto."

Wakakaa kulilinda. Gatete alipiga simu kutafuta dereva wa kuwapeleka hospitali kwa pikapu yake, akiguna kwa maumivu, na kwa muda ilionekana kuwa yaliyobaki ni mambo ya plasta na dawa. Kisha upepo ukageuka. Upande wa ziwa anga likawa jeupe, jeupe lisilo la kawaida, na jambo la kwanza kuwafikia lilikuwa mlio wa mabati ya majirani, mbali, kisha karibu, kisha juu yao.

Mvua ya mawe.

"Turubai! Leteni turubai!" Gatete alipaza sauti.

Walilivuta turubai la Gatete juu ya gari bila kuligusa, kila mmoja pembe yake: Gatete kwa mkono mmoja, Bushira kwa vidole vilivyovunjika, Epiphanie, Ndayisaba. Mawe yaliwapiga vichwani na kupasua nyusi. Turubai lilijaa, likavimba, likawa zito kama ng'ombe. Hakuna aliyeachia. Ila upepo ulipita chini, ukainua ukingo mmoja, na jiwe moja, kubwa kama yai la njiwa, likaruka kutoka ardhini na kugonga mlango wa nyuma.

Buluu ikabanduka. Kijidoa cha bati, kidogo kama punje ya maharagwe. Mvuke ukaanza kutoka.

Ndani ya nyumba Nishimwe alikohoa.

Ndayisaba aliachia pembe yake. Alipiga magoti na kuubandika mkono wake mbichi, usio na ngozi, juu ya tundu lile. Nyama ikachachatika. Hakupiga kelele.

"Toa!" Epiphanie alisema. "Toa mukono, itakuingia tena!"

"Nikitoa, itaenda kwa nani?"

Rangi ile mbichi ilikuwa imeanza kutembea. Ilimpanda vidole, ikavuka kiganja, ikafika kifundo, nyororo, inang'aa, bila alama ya brashi. Bushira alitazama, akafunga macho, akaanza kusoma upya.

Ndayisaba aligeuza uso kuelekea dirishani na kumtabasamia binti yake, tabasamu lilelile la baba anayerekebisha kitu. Kisha, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, akamwambia mkewe:

"Kompresa ingali na upepo. Piga juu ya mukono. Funga yote, Epi. Usiache tundu."

Epiphanie aliokota bastola ya rangi. Maji ya barafu yalimchuruzika usoni, naye hakuyapangusa. Akaanzia kwenye kucha, akapanda taratibu mpaka kiwikoni, tabaka moja, kisha jingine, mpaka asiweze kuona mlango unaishia wapi na mumewe anaanzia wapi. Na chini ya ile buluu, vidole viliendelea kuchezacheza, kama vya mtu aliye gizani akipapasa kutafuta kitasa cha mlango.