Kikombe cha Bati cha Bi Masouda

Kila asubuhi nyumbani kwao Al Amerat, Omani, Balqis alikunywa maziwa huku bibi yake, Bi Masouda, akinywa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati. Kikombe chenyewe, masikini, kilikuwa kimebanduka ukingoni na ua lake jekundu limefifia. Vikombe vya kaure vilijaa kabatini, lakini bibi hakutaka hata kuvisikia.

"Hiki nilipewa na daktari wa Kichina, Unguja, nilipokuwa nesi," alisema. "Siku hiyo..."

"Nnajua, bibi!" Balqis alimkatiza, kama kawaida yake.

Wiki hiyo darasa lao liliandaa maonyesho kuhusu namna China ilivyotafuta marafiki ng'ambo kwa utamaduni wake, tangu merikebu zake zilizofika Zufar, kusini mwa Omani, miaka mia sita iliyopita hadi wanasarakasi, madaktari na walimu wa lugha. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta kitu chenye habari ya kweli. Ambaye angewashinda wenzake angezungumza mbele ya mgeni, Mwalimu Lin, anayefundisha Kichina mjini. Balqis aliitaka mno nafasi hiyo.

Apeleke kikombe kile? Aka! Wangemcheka. Akachukua sahani ya kaure ya buluu kabatini.

"Ilikuja na merikebu zile," alimwambia Mwalimu Hajar wa darasa lao bila kupepesa macho. "Imo katika ukoo wetu tangu enzi hizo."

Mwalimu alifurahi, akaiweka meza ya katikati na kumpa Balqis nafasi.

Siku ya maonyesho, Bi Masouda naye alikuja, mkoba begani. Alisoma kadi iliyokuwa mbele ya sahani, kisha akamvuta mjukuu wake pembeni.

"We Balqis, hii si sahani tuliyonunua dukani Ruwi mwezi wa Ramadhani? Nyingine tano kama hii ziko nyumbani."

"Bibi, nakuomba usiseme."

"Mimi sisemi. Wa kusema ni wewe."

Mara Mwalimu Lin akafika mezani. "Miaka mia sita!" alisema kwa Kiarabu, akitoa simu. "Nitaipiga picha niwapelekee wanafunzi wa kwetu."

Uongo wa Balqis sasa ulikuwa unakwenda China.

"Usiipige, mwalimu," alisema. "Nimesema uongo. Tumeinunua Ruwi."

Aibu ilimshika, akatamani ardhi immeze.

Mwalimu Hajar aliiondoa sahani. "Nafasi ya kuzungumza umeikosa. Kwa nini hukuleta kitu cha kweli?"

"Nilikionea haya," Balqis alijibu akilia. "Ni kikombe cha bibi."

Bi Masouda akafungua mkoba, akatoa chupa ya chai na kikombe chake, maana hanywei kikombe kingine popote aendapo. Mwalimu Lin alikipokea kwa mikono miwili.

"Nyanya yangu alikuwa nacho kama hiki!"

Bi Masouda aliwekewa kiti ili asimulie, naye akasema Kiswahili ndicho kimtokacho vizuri.

"Balqis, simama umfasirie kwa Kiarabu," alisema Mwalimu Hajar. "Neno kwa neno, na usitie chumvi."

Basi Balqis akaisikia habari ile mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Daktari alitibu wagonjwa mchana, na jioni alijifunza Kiswahili kwa manesi. Siku ya kuondoka alitaka kumwachia Bi Masouda zawadi, na hakuwa na kitu ila kikombe alichokuwa akikinywea mwenyewe. Wote wawili walilia.

Balqis alifasiri yote bila kuongeza neno. Watu walipiga makofi.

"Mmeona, watoto?" Mwalimu Hajar alisema. "Sahani ile ingetudanganya sisi na wageni wetu. Urafiki hauwezi kujengwa kwa uongo. Leteni kilicho cha kweli, hata kikiwa kimebanduka."

Kesho yake asubuhi, Balqis alimmiminia bibi chai kwenye kikombe cha bati.

"Siku hiyo ilikuwaje tena, bibi?" aliuliza, na safari hii hakumkatiza.